Fumbeni Macho, Nyosheni Vidole

Tarehe 11 Septemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo, na paa la darasa la saba limetuonyesha matundu yake yote. Nimefundisha hesabu za sehemu nikiwa nimejibana ukutani, chaki ikiyeyuka mkononi. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu viatu hivi nilivinunua Kasongo na sina vingine.

Naandika ili niwe na mtu wa kugombana naye. Simu hapa inashika mtandao juu ya kilima tu, nyuma ya makaburi, na kilima chenyewe sasa kinateleza. Nilipopangiwa kijiji hiki cha upande wa Wamaza kufundisha hesabu, dada yangu aliniambia, "Bulaimu, angalau utakula vizuri." Hilo ni kweli. Mama Aicha, mjane niliyepanga chumba kwake, anauza samaki wakavu wanaotoka kwao Nyangwe, na sahani yangu haikosi kichwa cha samaki juu ya sombe, majani ya muhogo. Nanenepa huku nimenuna.

Tarehe 15 Septemba

Mvua tena, saa ile ile ya kutoka shule. Watoto wanaokaa ng'ambo ya kijito hawawezi kuvuka, kwa hiyo wanabaki darasani wakipigana. Prefe, mkuu wetu wa shule, alijifungia ofisini na kuniachia wote.

Nikakumbuka mchezo tuliocheza nilipokuwa mwanafunzi Bukavu. Kila mtu anapewa karata kwa siri. Wachache ni wabaya, wengine ni raia wema, na hakuna anayejua karata ya mwenzake. Usiku, yaani usiku wa mchezo, wote wanafumba macho. Wabaya peke yao wanafumbua na kuchagua mtu wa kumwondoa. Asubuhi wote wanafumbua, wanabishana, na wao pia wanamwondoa mmoja wanayemshuku. Wabaya wakiisha, kijiji kimeshinda. Mtu mmoja hachezi: anasimamia, anaita usiku na mchana, na anajua karata za wote.

Bukavu wabaya walikuwa mbwa mwitu. Hapa nani amewahi kumwona mbwa mwitu? Nikakata katoni la sabuni, nikaandika "mwizi" kwenye karata mbili. Mchezo ulikufa papo hapo. "Onyesha mifuko," walisema. "Ulikuwa wapi? Nani alikuona?" Mwizi anapekuliwa, na mifuko yao yote ilikuwa mitupu. Wakarudi kupigana.

Wakati wa kutoka, Esther-Divine, msichana wa dawati la mbele ambaye haniogopi hata kidogo, aliniambia: "Mwalimu, weka mulozi. Mwizi hawezi kuogopesha mutu."

Tarehe 16 Septemba

Nimeweka mlozi, yule anayekula watu kwa uchawi.

Darasa zima lilikaa kimya hata nikasikia matone ya paa. Sarah-Grâce, binti wa Papa Alain mwenye duka, aliapa kwa kaburi la bibi yake kwamba si yeye, na alikuwa yeye. Walipomgundua alicheka mpaka akakaa chini.

Nimefikiri jioni nzima kwa nini mchezo umefufuka hivi. Jibu ni hili: mwizi huacha alama, mlozi haachi kitu. Hakuna mfuko wa kupekua. Yanabaki maneno na sura za watu tu, na utamu wote unatoka hapo. Nimefurahi sana kuligundua hili. Nimemweleza Mama Aicha, akasema chakula kinapoa.

Tarehe 23 Septemba

Walozi wanashinda kila mara. Mimi ni mtu wa hesabu, na upande mmoja ukishinda kila mara hiyo si mizani. Nimeupa upande wa kijiji nguvu. Yuko mufumu, mwaguzi: kila usiku anaonyesha mtu mmoja kwa kidole, na msimamizi anamjibu kwa kichwa, ndiyo au hapana. Yuko muganga: kila usiku anamlinda mmoja asiliwe. Yuko kapita, mkuu wa kijiji: kura zikilingana, yeye anakata.

Na iko sheria ya msimamizi, ambayo naiona ndiyo nguzo ya yote. Hadanganyi kamwe, na hana jibu la tatu. Kijiji kikimwondoa mtu, msimamizi anafunua karata yake mbele ya wote: ni yeye, au siye. Msimamizi akisitasita, mchezo wote unaoza.

Watoto wamempa msimamizi jina. Wanamwita Mwenye Kujua. Nimelipokea bila ubishi.

Tarehe 27 Septemba

Mvua. Masahihisho. Sombe.

Tarehe 4 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya soko, na mvua iliwakimbiza wauzaji wote mpaka kwenye veranda ya shule. Watoto walikuwa wanacheza. Wakubwa wakatazama, wakacheka, wakaanza kuwafundisha watoto namna ya kudanganya, mwisho wakataka karata zao wenyewe. Kapita wa kijiji, kapita wa kweli, alipata karata ya kapita akafurahi kama ameteuliwa upya. Papa Alain alicheza pia. Huyu ndiye mwenyekiti wa komite ya wazazi, mtu mzito ambaye hajawahi kunisalimia kwa zaidi ya neno moja. Leo alinipiga bega.

Lakini aliyeniacha mdomo wazi ni Mama Aicha. Mara tatu alipata mlozi, mara tatu akakimaliza kijiji. Hasemi. Anakaa juu ya beseni lake alilolipindua, anaitikia "eeh" kwa kila mtu, na usiku ukifika anaanza kuwala wale wenye kelele, ili asubuhi wabaki wapole wasiojua la kusema. Mkali kuliko wote kwa kelele ni Sarah-Grâce, kwa hiyo kila mara alianza na yeye.

"Mama Aicha," Sarah-Grâce alilalamika mara ya tatu, "unanikula paka mimi, mimi tu? Niko na mafuta mingi?"

"Wewe unasema mingi," Mama Aicha akamjibu. "Mutu wa kusema mingi iko tamu."

Veranda nzima ililipuka kwa kicheko. Papa Alain alicheka kuliko wote, akafuta machozi kwa kofia yake. Sijawahi kupendwa hapa kama nilivyopendwa leo.

Tarehe 9 Oktoba

Wakubwa sasa wanakuja hata siku zisizo za soko, na nimeona kasoro. Asubuhi ya mchezo mwenye sauti kubwa anataja jina, wengine wanamfuata kama mbuzi. Na jina lenyewe ni lile lile: Mama Aicha, kwa kuwa ametoka Nyangwe, au Amani, mwendesha pikipiki, kwa kuwa hana ukoo hapa. Wa kuja ndio wanaoondolewa kwanza, hata wakiwa raia wema. Hii si haki, na zaidi ya hapo inaharibu mchezo.

Nimetengeneza dawa. Hakuna tena kutaja majina. Nasema, "Fumbeni macho, nyosheni vidole," na kila mtu ananyosha kidole kwa anayemshuku bila kumwona jirani yake. Kisha nasema, "Fumbueni," na vidole vinabaki juu. Hakuna aliyeanza, hakuna aliyefuata. Mnyonge ana kidole sawa na cha kapita. Halafu mimi nafunua karata.

Inafanya kazi vizuri ajabu. Watu wapole waliokuwa wanaogopa kumshtaki jirani leo walinyosha bila aibu. Niliwaambia, "Hii ndiyo njia ya haki," na kapita alirudia maneno hayo kwa lugha yake ya Kibangubangu ili wazee wayapate.

Mama Aicha ameshindwa leo, amekasirika. Aliniletea chakula akiwa amenuna. "Zamani nilikuwa namuona mwenye kunitaja," alisema, "namubembeleza, anaacha. Sasa nibembeleze nani?" Nilimwambia asiwe mchezaji mbaya.

Tarehe 16 Oktoba

Sarah-Grâce hakuja shule. Homa. Nusu ya darasa ina homa, na mbu wa msimu huu hawachagui.

Tarehe 19 Oktoba

Sarah-Grâce amekufa.

Asubuhi Papa Alain alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Muuguzi aliangalia macho yake na viganja, vyeupe kabisa, akasema damu imekwisha, na yeye hana damu ya kumwongeza. Inabidi hospitali ya Kabambare. Amani akatoa pikipiki. Wakamfunga mtoto kwa kitenge kati ya Amani na baba yake, wakaondoka katika matope. Mimi nilikimbia nyuma yao mpaka mwisho wa kijiji. Sijui nilikuwa nakimbia kufanya nini.

Magogo ya daraja la pili yalikuwa yamechukuliwa na maji. Walijaribu kuvuka kwa miguu, Amani mbele na mtoto mabegani, maji yakamfika kifuani wakarudi. Walimlaza ukingoni wakisubiri maji yapungue. Hayakupungua. Alifia pale, anaomba maji ya kunywa, na maji yako kila mahali.

Walipomrudisha nilikuwa bado nimesimama barabarani. Papa Alain hakulia. Alimshika mkono wake mdogo uliokuwa unaning'inia, akaurudisha ndani ya kitenge kama anamfunika mtoto aliyelala. Ninaandika hivi na siwezi kuona mstari vizuri.

Tarehe 20 Oktoba

Tumezika. Darasa la saba liliimba. Mvua iliacha kwa muda huo, ikarudi.

Tarehe 22 Oktoba

Kilio kinaendelea kwa Papa Alain. Wanawake wamekaa kwenye mikeka ndani, wanaume barazani. Kila nyumba inapeleka chakula, ndiyo desturi. Mama Aicha alipika beseni zima la samaki, samaki wake wakubwa ambao haniwekei hata mimi, akalipeleka kichwani.

Beseni limerudi. Léocadie, jirani anayeazima mchi wetu kila siku, alilileta na kuliweka mlangoni bila kuingia. Samaki wote walikuwa ndani, mchuzi umeganda juu. Mama Aicha alilitazama kwa muda mrefu. Hakuna anayerudisha chakula cha kilio bila sababu, hilo najua hata mimi wa Kasongo.

Nilimuuliza Esther-Divine kuna nini. Aliniambia huku analia, bila kuniangalia: "Alimula mara tatu, Mwalimu. Sisi wote tulikuwapo. Na alisema iko tamu."

Nilicheka. Kweli nilicheka, kwa kuwa lilikuwa jambo la kijinga mno. Nilimwambia: ule ulikuwa mchezo, karata ni katoni la sabuni, mimi ndiye niliyezigawa. Aliitikia kwa kichwa kama wanavyoitikia hesabu ambayo hawajaielewa.

Tarehe 24 Oktoba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mchana kapita aliita watu kwenye banda la soko, wote, na Mama Aicha. Prefe aliniambia niende, yeye ana ripoti ya kuandika. Nilipofika nilikuta wamekaa duara, kama tunavyokaa. Mama Aicha aliweka beseni lake, akalipindua, akakaa. Papa Alain alikuwa upande wa pili, nguo za kilio bado mwilini.

Kapita alisimama. "Hatutaki fujo," alisema. "Hatutaki mutu mumoja apige kelele na wengine wafuate. Mwalimu alituonesha njia. Kila mutu atafumba macho, ataonesha ule moyo yake inamuonesha. Mwalimu atasimama katikati."

Nikasema, "Kapita, ule ni mchezo."

"Ndiyo. Lakini wewe mwenyewe ulisema ndiyo njia ya haki."

Nilikuwa nimesema. Alinishika kiwiko kwa adabu, akanisimamisha katikati. Sikuhitaji hata kutamka maneno yale, kapita aliyatamka mwenyewe, kwa sauti yangu ya darasani: "Fumbeni macho, nyosheni vidole."

Kati ya watu wote wa banda lile, mimi peke yangu nilikuwa na macho wazi. Niliona vidole vikipanda. Kidole cha Léocadie. Kidole cha muuguzi, ambaye alijua damu ya mtoto ilikwendaje. Kidole cha Amani, ambaye mchezoni yeye mwenyewe alikuwa anaondolewa kwanza. Kidole cha Esther-Divine, machozi yakipita chini ya kope zilizofumbwa. Vyote vilikwenda upande mmoja. Consolée, muuza mawese, alikuwa ameficha mikono ndani ya kitenge chake. Na Mama Aicha alikuwa amefumba macho kama wengine, mikono mapajani, hakumwonyesha mtu yeyote. Alifumba kwa nguvu, uso umekunjamana, kama mtu anayetii sheria ili asilaumiwe.

"Fumbueni," kapita alisema.

Aliona. Aligeuza kichwa polepole, akavifuata vidole kimoja kimoja mpaka kwa wenyewe, na baadhi yao walitazama chini lakini hakuna aliyeshusha mkono.

Kisha kapita akanigeukia. "Mwenye Kujua," alisema, bila mzaha hata kidogo. "Funua. Ni yeye?"

Walikuwa wananiangalia wote. Nilipaswa kusema neno moja. Nilikuwa nalo. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, nimezoea kutosema nisiloweza kulithibitisha, na hayo ndiyo yaliyotoka mdomoni.

"Hapa hakuna karata," nilisema. "Mambo ya namna hii mimi siwezi kuyajua. Hakuna mtu anayeweza kuyajua."

Nilidhani nimesema jambo la busara. Nilisubiri waelewe. Badala yake niliona uso wa Papa Alain ukifunguka, kama mtu aliyepata jibu baada ya kuhangaika nalo.

"Hakukatala," alisema.

"Hakukatala," wengine wakasema nyuma yake.

Mama Aicha alisimama. "Mwalimu," aliniambia, sauti ya kawaida, sauti ya kuniita kula. "Sema hapana."

"Nasema hakuna ushahidi," nilijibu.

"Sema paka hapana."

Sasa niandike na hili, maana nisipoliandika nitajidanganya kwamba ilikuwa hesabu tu. Niliogopa. Nakula kwake. Nalala chini ya paa lake. Nilijua nikisema hapana watauliza mwalimu anamtetea kwa nini, amelishwa nini katika sahani ile. Nilifungua mdomo nikaanza kueleza malaria, mbu, daraja. Hakuna aliyenisikia. Walikuwa wamekwisha simama, na jiwe la kwanza lilimpata juu ya jicho.

Tarehe 25 Oktoba

Nyumba imechomwa. Samaki waliungua pamoja nayo, na kijiji kizima kinanuka chakula.

Hawakumwua. Kapita anajivunia hilo. Alfajiri Mama Aicha alikuwa amekaa nyuma ya shule, kitambaa kichwani kimekauka damu, beseni tupu pembeni. Nilimwambia nitamsindikiza mpaka Nyangwe kwa watoto wake.

"Utanisindikiza mpaka wapi?" alisema. "Ku kila kijiji watakuuliza swali ile ile."

Alijitwisha beseni, akashika njia. Mvua ilikuwa inaanza.

Tarehe 26 Oktoba

Nalala darasani. Prefe anasema mambo ya kijiji tuwaachie wanakijiji.

Tarehe 30 Oktoba

Papa Alain amefungua duka. Nilinunua mshumaa.

Tarehe 5 Novemba

Amani amerudi kutoka upande wa Kasongo. Alinifuata darasani, akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu.

Mama Aicha hakufika. Kila kijiji alichopita habari zilikuwa zimemtangulia, na hakuna aliyemfungulia mlango. Alilala mashambani, kwenye vibanda vya kulindia mpunga, siku zote za mvua ile kubwa. Walimkuta katika kimoja. Homa, Amani alisema. Waliomkuta walimzika kando ya njia kabla hajaanza kuharibika.

Nilimuuliza ni nani aliyepeleka habari mbele yake. Alitazama tope kwenye viatu vyake. Ni mwendesha pikipiki, na watu wanamuuliza habari kila anaposimama.

Nilimfukuza. Kisha nikafikiri kwamba yeye angalau alikuja kuniambia. Ilikuwa homa ile ile ya Sarah-Grâce, homa ya msimu, ambayo mimi ninayo pia tangu juzi na ninaimezea vidonge.

Tarehe 6 Novemba

Nimechoma karata zote.

Tarehe 13 Novemba

Wamekata nyingine kutoka kwenye majalada ya madaftari. Nimewanyang'anya. Wamekata nyingine. Esther-Divine ndiye msimamizi, na anasimamia vizuri.

Tarehe 19 Novemba

Mvua. Mitihani inakaribia. Sina hamu ya kula.

Tarehe 28 Novemba

Mtoto mchanga wa Léocadie alifariki jana. Kabla hawajamaliza kumwosha nilijua jina litakalotajwa, kwa sababu nililiona tangu siku ile ya Mama Aicha katika banda. Consolée hakunyosha kidole. Walipofumbua macho wote waliona mikono yake ndani ya kitenge, na tangu hapo hakuna anayenunua mawese kwake. Rafiki wa mlozi, wanasema. Kwa nini hakutaka kumwonyesha?

Leo mchana kapita ameita tena.

Nilikwenda mwenyewe, bila kuitwa. Usingizini na macho wazi nimekuwa nikilirudia neno lile mwezi mzima, na nilijua safari hii nitalitoa hata wakinipiga mawe mimi. Duara lile lile. Kapita alitamka maneno yangu. Macho yakafumbwa, vidole vikapanda, vyote kwa Consolée, ambaye alikuwa ananyosha kidole hewani kuelekea paa, asije akaonekana tena hajanyosha.

"Fumbueni. Mwenye Kujua, ni yeye?"

"Hapana," nilisema.

Kapita aliinamisha sikio kama hajasikia.

"Hapana," nilirudia, kwa nguvu, nikimtazama kapita, kisha Léocadie, kisha Papa Alain. "Si yeye. Consolée hakumla mtoto wa mtu. Nawaambia hapana."

Nilisubiri jiwe. Sikuona hata mtu anayeinama. Vidole vilishuka kimoja baada ya kingine. Kapita alivuta pumzi ndefu, akasema, "Basi. Mwalimu amesema hapana," na watu wakaanza kuinuka na kukung'uta nguo. Ilikuwa rahisi hivyo. Consolée aliketi pale pale chini akilia, na Léocadie, ambaye kidole chake kilikuwa cha kwanza kupanda, alikwenda akamshika mabega wakalia pamoja.

Mimi nilikuwa na furaha. Sitaificha. Nilitembea kurudi shuleni miguu ikiwa myepesi, na nilifikiri, basi inawezekana, basi neno moja linatosha.

Papa Alain alinifuata. Alinikuta kwenye veranda, akavua kofia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, aksanti," alisema. "Mara ile moyo yangu haikutulia. Kila siku nilikuwa najiuliza, kama tulimufukuza mama wa watu bure? Kama alikufa bure? Sikuweza kula. Lakini leo nimekusikia. Kama mutu hana kosa, wewe unasema hapana, hauogope mutu. Kwa Mama Aicha haukusema." Aliubana mkono wangu. "Sasa najua hakika nani alimula mutoto wangu. Nitalala."

Maneno yalinijaa mdomoni. Hata yeye hakuwa mlozi, Papa Alain. Hakumla mtu, alikuwa mpishi na mchezaji hodari, na mimi niliogopa. Lakini kama nilinyamaza mara ile kwa woga, basi neno langu halina uzito, na kama neno langu halina uzito, hapana ya leo pia haina uzito, na Consolée alikuwa bado hajavuka hata njia panda ya kwenda kwake. Nilimwona pale, nyuma ya bega la Papa Alain, akitembea na wanawake wawili, polepole, kitenge kimelegea.

Kwa hiyo nilinyamaza tena.

Papa Alain aliniachia mkono, akaivaa kofia yake, akaniaga kwa heshima. Alikwenda nyumbani mgongo umenyooka, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, na njiani alisimama kumsaidia mtoto wa jirani kupanga kuni.